Shimo la Kumi na Tano

Nyumbani, 9 Januari

Mjukuu wangu Kijiko,

Sisi tupo. Mchanga tunaufagia asubuhi, jioni unarudi ndani wenyewe bila kualikwa. Goti langu la kushoto linabishana nami kila nikitaka kuinuka, la kulia bado lina adabu. Yule mbuzi mweusi amezaa pacha, mmoja kafa, mmoja yu hai na ana kelele kama zako ulipokuwa unaota meno. Shangazi yako, mama yake Fuko, ametuma salamu na sabuni kutoka kiwandani. Sabuni nimeiweka, salamu nakugawia.

Anayeandika ni Fuko kama siku zote, maana mimi shule niliipita kwa nje na ndoo kichwani. Namwambia, kalamu unayo wewe, basi msalimie kaka yako vizuri. Anacheka tu na kufuta jasho kwa mkono wenye mchanga. Ukiona doa hapa, ndilo hilo.

Sasa neno lenyewe. Chupa ya kumi na nne nimempa dereva wa lori la chumvi. Mna dundu watatu ndani, wale wadogo kama punje ya dengu, wanaoishi kwenye mashimo ya panya wa mkia wa ufagio. Kikaratasi kimo: mahali, tarehe, namba ya shimo, jina la Fuko. Ni mwaka wa tatu huu mtoto anatambaa kwa tumbo huko mchangani. Jioni anamwaga majivu mdomoni mwa shimo, asubuhi anarudi kuyasoma: nani katoka, nani kaingia, kama ni panya au ni mwenye meno. Akiridhika ndipo anapoingiza mkono. Haendi haraka. Ndiyo maana vidole vyake bado ni kumi.

Wewe mwenyewe ulikaa kwenye kiti changu ukatuambia kwamba Mkuu wa makumbusho anatafuta mkusanyaji wa jangwani, na atakayeleta mdudu ambaye hajaandikwa popote atapewa kazi hiyo, hata kama shule yake ni ndogo. Ukasema wewe unaandika vibandiko vya chupa huko huko, kwa hiyo utazipeleka mezani kwa Mkuu kwa mkono wako. Je, umezipeleka? Mkuu amesemaje? Fuko haulizi. Nauliza mimi.

Namna dundu anavyoishi mle ndani, anakula nini, analala wapi, Fuko ameyaandika kwenye daftari lenye jalada la kijani. Daftari halitoki. Atakuja nalo mwenyewe siku akiitwa, ayasome kwa mdomo wake.

Vaa soksi, sakafu za mawe zinaingiza baridi mifupani.

Bibi yako niliyekufuta makamasi

*

Makumbusho, 2 Februari

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa na harufu ya nyumbani, nikaifungua polepole. Pole na goti. Mimi ni mzima, ila chumba nilichopanga kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta. Ofisini tuko kwenye chumba cha vielelezo, makabati kutoka sakafuni hadi darini, dawa ya kuhifadhi wadudu inawasha macho mpaka mtu anaonekana ana msiba. Nimenunua tai.

Chupa ya kumi na nne imefika salama. Kuhusu Mkuu, mambo ya ofisi yana taratibu zake, Bibi. Kitu hupita meza hii, kikapita meza ile. Lakini amewaona dundu. Alichukua kioo cha kukuzia, akanyamaza muda mrefu sana, na mama yule hanyamazi ovyo.

Anachotaka sasa ni jozi hai, dume na jike, kutoka shimo moja. Na anaitaka kabla mwezi huu haujaisha. Nawaomba sana mfanye haraka, mambo yote yanategemea hilo. Ikichelewa, nafasi inaweza kwenda kwa mtu mwingine.

Tena, lile daftari la kijani ni hatari kukaa huko kwenye mchanga na mchwa. Mngelituma kwangu ningelifungia kabatini.

Wasalimie wote.

Mjukuu wako

*

Nyumbani, 26 Februari

Kijiko,

Usishangae mwandiko. Huyu ni fundi viatu wa hapa kona. Anaandika kwa kalamu ile ile anayochorea nyayo, ndiyo maana herufi zake ni pana kama soli. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie.

Mbuzi mdogo ameanza kula kamba. Paa la jikoni limefunguka upande wa upepo, nimeliwekea mawe mawili. Shangazi yako alikuja siku nne, akarudi kiwandani.

Jozi yako hii hapa, dume na jike, shimo la kumi na tano. Wako kwenye kopo lenye matundu, pamoja na mavi ya panya ya kula njiani. Wametoka ndani ya siku tatu tangu barua yako ifike. Ulisema haraka, ikawa haraka.

Mwandishi wako wa siku zote mkono wake wa kulia umefungwa bandeji. Sitasema zaidi. Ukitaka kujua, uliza. Nangoja hilo swali kuliko ninavyongoja mvua.

Daftari liko chini ya godoro langu. Mchwa wakitaka kulila, waanze na mimi.

Bibi

*

Makumbusho, 28 Machi

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukaa kimya mwezi mzima. Kazi zimenizidi. Nimehamishiwa meza iliyo karibu na mlango wa Mkuu na nimepewa kiti chenye magurudumu. Kikohozi changu kimeisha. Pole kwa paa.

Jozi imefika hai! Bibi, hukuona furaha ya hapa. Mkuu ameniita mbele ya watu wote, akanishika mkono. Wageni wamekuja kupiga picha. Sasa, ukisikia jina langu mahali usishtuke, waandishi wa magazeti wana tabia ya kuongeza na kupunguza. Mengine nitakueleza tukikaa ana kwa ana.

Nahitaji msaada wako kwa haraka. Nimeambiwa niandike maelezo kamili ya maisha ya dundu huyu. Anatembeaje? Anatoka saa ngapi? Anaviringisha donge kama wale dundu wakubwa wa ng'ombe? Dume na jike wanakaaje? Nina hawa wawili kwenye kopo lakini wanajificha mchangani tu, siwaoni. Kama daftari haliji, basi niandikie kila kitu unachokijua. Wewe umeishi na panya hao tangu usichana wako.

Na tafadhali aandike Fuko. Mwandiko wa fundi viatu unanipotezea muda, neno moja nalisoma mara tatu. Fuko ana mwandiko mzuri, asiwe mvivu.

Mjukuu wako

*

Nyumbani, 15 Aprili

Kijiko wangu,

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya pili niliomba nisomewe mwisho wake peke yake, pale pa mwandiko mzuri na uvivu. Fundi viatu alitaka kuparuka hapo asinisomee. Nikamwambia soma, baba, nina masikio magumu.

Tumo humu. Upepo umetulia. Mbuzi mdogo tumemwachisha kunyonya.

Jina lako sijalisikia popote. Masikio yangu huingia mchanga tu. Magazeti hapa hayana kazi ila kufungia vitu. Juzi fundi alinirudishia ndala zangu zimefungwa kwenye gazeti, nikazivaa. Kusoma sijui, unajua.

Kuandika ataendelea fundi. Umvumilie.

Sasa umeuliza dundu. Kweli, kwa nini nimekuwa mchoyo muda wote huu? Mjukuu wangu mwenyewe, mwenye tai, anataka kujua, nami naficha. Chukua kalamu.

Dundu huyu hutoka nje saa sita ya mchana, jua likiwa utosini. Hutoka na donge lake akiliviringisha kwa miguu ya nyuma, akipandisha mlima. Lazima apande. Ukimwekea tambarare, anakasirika. Dume hulala juu ya mgongo wa jike kumkinga na jua, kama mwavuli, na hivyo ndivyo wanavyokwenda kila mahali. Hawali mavi ya panya yeyote tu. Wanachagua ya panya mwenye mimba. Na ukitaka kuwaita watoke, gonga bati mara tatu, utulie, kisha mara moja. Watakuja wamejipanga.

Hayo hata Fuko hakuyaandika. Nakupa wewe peke yako.

Fundi ananitazama kwa jicho la ajabu. Nimemwambia aangalie karatasi yake.

Kula vizuri. Sauti ya mtu mwenye njaa haisikiki mbele za watu.

Bibi yako

*

Makumbusho, 12 Mei

Bibi yangu, hazina yangu!

Shikamoo mara elfu. Niliruka kutoka kwenye kiti, nacho kikaenda zake mpaka ukutani. Dume kama mwavuli! Hakuna popote duniani palipoandikwa jambo kama hilo. Nimeandika kurasa kumi na mbili. Nimeeleza jinsi nilivyolala kwa tumbo kwenye mchanga wa moto, saa sita mchana, miaka mitatu mfululizo, na jinsi nilivyowatoa kwa mkono wangu mwenyewe. Ndivyo maandishi ya namna hii yanavyotakiwa kuandikwa, Bibi, lazima kuwe na mtu mmoja anayesema "mimi".

Tarehe 20 Juni kuna mkutano mkubwa katika ukumbi wa makumbusho. Watakuja mabingwa wa wadudu, nami nitasoma mbele yao. Baada ya hapo Mkuu atatangaza nani mkusanyaji wa jangwani, na imeshaeleweka ni nani.

Najua utauliza habari za Fuko. Ile nafasi, kwa utaratibu, isingeweza kupewa mtu wa nje. Lilihitajika jina la mtumishi, nikaona heri libaki ndani ya ukoo kuliko lipotee. Ataelewa. Mwambie polepole, wakati amekula. Wala sijamsahau. Nimemwombea kazi ya kufagia chumba cha vielelezo. Aje siku yoyote na barua hii, aionyeshe kwa mlinzi wa lango, nimeshamwambia kwamba mdogo wangu atakuja kwa kazi hiyo na amruhusu apite.

Jambo moja tu. Nimegonga bati kwenye kopo la hawa wawili, tatu na moja, kama ulivyosema. Hawakutoka. Nakosea wapi?

Mjukuu wako mwenye furaha

*

Nyumbani, 27 Mei

Kijiko,

Naandika kwa haraka, dereva wa chumvi amewasha injini. Wazima wote. Goti limepoa.

Bati la mjini jembamba, halina kifua. Tafuta kopo la maziwa, kubwa, tupu. Na usiligonge gonge chumbani ukawazoesha. Gonga siku ile ile, mbele ya watu, kwa nguvu.

Barua yako nimeipokea na nimeitunza vizuri sana, hasa ule ukurasa wa mwisho.

Fuko hayupo. Ametoka kidogo, kanyoosha miguu.

Vaa tai. Simama wima. Mimi siku hiyo nitakaa kibarazani nikikufikiria toka kuche mpaka kuchwe.

Bibi

*

Makumbusho, 2 Julai

Bibi,

Shikamoo. Sijui kama unaistahili lakini mkono wangu umeizoea kuiandika.

Umeniua. Nitakueleza ulivyoniua, kisha unijibu.

Ukumbi ulijaa. Nilisoma kurasa zote kumi na mbili. Nilipofika kwenye mlima na saa sita mchana niliwaona mabingwa wawili wakitazamana. Nilipofika kwenye mwavuli, mzee mmoja alitoa kitambaa akaficha uso, nikadhani ana mafua. Mkuu alikuwa hatikisiki. Nilipomaliza akasema, "Kijana, tunaomba utuonyeshe namna unavyowaita." Nikaweka kopo la dundu mezani, nikachukua kopo la maziwa, nikagonga. Tatu. Nikatulia. Moja. Bibi, ukumbi wa watu mia mbili ulikaa kimya ukitazama mchanga usiotikisika. Mkuu akasema, "Gonga tena." Nikagonga tena. Nimegonga mara tisa.

Ndipo mtu akasimama mstari wa tatu. Alikuwa amevaa koti la kufagilia, la bluu, lile la makumbusho. Alikuwa na kitu kama sanduku mikononi. Akasema, "Samahani, Mkuu, naomba kumuuliza kaka yangu swali moja." Ile sauti niliijua kabla sijageuka. Akaniuliza, "Mle ndani ya shimo, kaka, ni baridi au ni joto?"

Bibi, sikujua. Miaka mitatu nimeandika vibandiko vya hao wadudu na sikujua kama ni baridi au ni joto.

Akapanda mbele. Sanduku lilikuwa na kioo upande mmoja, na ndani yake mchanga uliokatwa na kupangwa kama ulivyo ardhini: njia ya panya, chumba cha kulala, ghala, choo, na pembeni ya choo kijumba kidogo. Akafunika kioo kwa kitambaa cheusi, akawaambia watu wasubiri, wasigonge chochote. Baadhi yao wakacheka, wakinitazama. Alipofunua, dundu alikuwa anatembea kinyumenyume, amekumbatia punje moja ya mavi kwa miguu ya mbele, anaivuta kijumbani kwake. Hana donge. Hana mwavuli. Kisha akafungua daftari la kijani akasoma, na watu wakaandika mpaka wino ukawaishia.

Mlinzi amesema alimruhusu kwa sababu alikuwa na barua yangu. Kwa mkono wangu mwenyewe.

Mkuu aliniambia ninyooshe mikono yangu, viganja juu. Akaitazama. Akasema, "Safi sana." Hayo tu. Yeye ndiye mkusanyaji wa jangwani sasa, Fuko. Mimi nimerudishwa kwenye vibandiko. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubandua jina langu kwenye chupa kumi na nne na lile kopo la jozi, na kuandika la kwake. Fuko alisimama nyuma yangu nikiandika. Baadaye nimepewa likizo isiyo na mshahara mpaka Oktoba, na hapa mjini hata muuza karanga nje ya lango ananigongea kibati nikipita.

Nilikula sahani moja na wewe, Bibi. Nililala mgongoni kwako. Ungeweza kuniita ukanitukana, ukanipiga, ningetubu. Kwa nini ukaniacha nipande mbele ya watu?

Na jambo la mwisho. Fuko aliposhika kitambaa cheusi niliona mkono wake. Kidole cha kushikia kalamu hakipo. Kiko wapi?

Niambie kama nije nyumbani au nisije.

Mimi

*

Nyumbani, 18 Julai

Kijiko,

Ukiona fundi viatu amekata neno, ujue nimelisema na yeye kaliogopa. Nimemwambia kila akiogopa aache nafasi, wewe utalijaza mwenyewe.

Mbuzi mweusi ana mimba tena. Paa limezibwa. Shangazi yako amelia siku mbili kwa furaha, ya tatu akalala mpaka mchana. Tumemaliza salamu.

Umeuliza. Tangu mwezi wa pili nangoja uulize, nawe unauliza mwezi wa saba, tena kwa sababu umekiona kwa macho mbele ya watu. Basi sikia.

Barua yako ilisema haraka, kabla mwezi haujaisha, nafasi isije ikaenda kwa mwingine. Fuko alimwaga majivu kwenye shimo la kumi na tano jioni ile. Usiku ukavuma upepo, asubuhi majivu hayapo. Nikamwambia mwaga tena, ungoje kesho. Akasema, "Bibi, kaka kasema haraka, huenda anapigania nafasi yangu na wanamsumbua." Alikutetea, unasikia? Alikuwa amelala kwa tumbo, mkono shimoni mpaka begani, na neno la mwisho kabla hajapiga kelele lilikuwa la kukutetea wewe. Alitoka na jozi yako kwenye kiganja, kafumba ngumi asiwaponde, na nyoka ananing'inia kwenye kidole. Nilimkata yule nyoka kwa jembe. Tukamfunga mkono, tukampandisha kwenye lori la chumvi, akakaa kitandani zahanati siku tisa. Kidole kikawa cheusi, daktari akakiondoa. Alikiomba wakampa. Tumekizika pale pale, shimo la kumi na tano.

Kisha ukaandika asiwe mvivu.

Unauliza kwa nini sikukuita nikakutukana. Ningekutukana ungelia, na ukilia mimi huwa nakupa nyama. Najijua. Tangu mdogo ulikuwa unaingia kila nyumba na kijiko chako mkononi, unakula kwa majirani, unakula cha mwenzio, ukiulizwa unalia, nami nakutetea. Jina nilikupa mimi nikicheka. Safari hii sikucheka.

Siku fundi viatu aliponifungia ndala zangu kwenye gazeti, picha yako ilikuwa imelala juu ya kisigino. Tai, kiti chenye magurudumu, kopo la dundu mkononi. Akanisomea: aliwatoa kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwuliza, fundi, mkono upi? Akaniambia gazeti halijasema. Fuko alikuwa amekaa hapo, anajifunza kushika kalamu kwa vidole vilivyobaki. Aliendelea kuandika a, a, a, mstari mzima, kama mtoto wa siku ya kwanza. Mimi nikaingia ndani nikafunga mlango, nikauma kanga yangu mpaka ikatoboka.

Nilipotoka nilikuwa nimeshajua nitakachokifanya.

Ndiyo, nilikudanganya. Wala sikudanganya kwa hasira. Nilidanganya taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Nilianza na saa sita mchana, nikasema, hili litamshtua. Dundu ambaye hajawahi kuliona jua tangu azaliwe! Kama angeingiza mkono shimoni hata mara moja, angejua mle ni baridi kama mtungi, na angeniandikia, Bibi unasema nini? Nikakuongezea mlima. Nikakuongezea mwavuli, na hapo fundi aliweka kalamu chini akacheka mpaka gundi ikamkaukia kwenye kiatu cha watu. Panya mwenye mimba nilikutilia kwa kukuhurumia, nikidhani basi, hapa atastuka. Kila uongo ulikuwa mlango, Kijiko. Nimekufungulia milango minne utokee, wewe umeipita yote ukiimba.

Na ule wa tano, wa mlinzi wa lango, uliufungua mwenyewe. Ulimpa mwenzio ufagio. Akauchukua.

Unasema nimekuua. Hujafa. Aliyekufa hali chakula, na wewe najua unakula. Muuza karanga akikugongea kibati, simama umsikilize mpaka amalize.

Sijuti. Fundi ananiuliza niweke neno laini hapa. Hapana. Sijuti, na kama ukumbi ungekuwa wa watu elfu mbili ningefurahi zaidi. Nilikaa kibarazani siku ile tangu jua linachomoza, na kopo la maziwa, na saa ile ile nikagonga. Tatu. Moja. Majirani wakasema bibi amerukwa na akili. Nimekula chakula cha mchana kitamu kuliko vyote tangu babu yako azikwe.

Sasa, kuja.

Njoo. Nani amekwambia usije? Kitanda chako kiko pale pale, nimekianika juani, nimeua kunguni. Blanketi lako lile lenye kona iliyoungua lipo. Lori la chumvi linatoka huko kila Alhamisi, dereva nimeshamwambia, atakutambua, nimemwambia atafute mtu aliyeinamisha kichwa. Nitakupikia. Nitakuogesha miguu kama zamani, nisikie unavyolalamika.

Ila kabla hujaingia ndani utafika kwanza shimo la kumi na tano. Nimeliwekea jiwe jeupe usilikose. Vua koti, vua tai. Lala kwa tumbo. Ingiza mkono wa kulia, ule ulioandika "mimi", mpaka begani. Hesabu mia moja kwa sauti, nami nitakuwa nimesimama juu yako na jembe. Ukifika mia moja utatoa mkono, tutakwenda kula, na habari hii haitatajwa tena ndani ya nyumba yangu. Fuko nimemwuliza, amekubali. Amesema nikuambie mle ndani ni baridi. Hilo ndilo alilokutumia.

Kama yule nyoka alikuwa na mwenzake, na kama huyo mwenzake bado anaishi mle au alihama, mimi najua. Majivu nilimwaga jana jioni, upepo ulilala, na leo alfajiri nimeinama na goti langu bovu nikayasoma neno kwa neno.

Sikwambii. Fuko naye hakuambiwa.

Ukitoka na vidole kumi, utakula kwa vidole kumi. Ukitoka na tisa, sahani ni ile ile, na utashiba. Mwenzio anashiba.

Njoo Alhamisi.

Bibi yako